Meza ya Watu Wawili

Mdogo wangu alipoandika kwenye kundi la familia kwamba ule mkahawa wa ghorofani kwenye bustani ya michezo, kule Djurgården, umejaa mpaka kiangazi kiishe, nilikuwa jikoni kwangu Norsborg nakaanga vitunguu, na nilifurahi. Sioni haja ya kuzungukazunguka. Nilifurahi mpaka nikapunguza moto nisije nikaviunguza vitunguu kwa raha. Tangu mama yetu atue Stockholm, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mdogo wangu alikitaka akakikosa.

Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, safari yake ya kwanza ya ndege, na angekaa nasi kiangazi chote. Alifikia kwangu. Hilo halikuwa na mjadala: mimi ndiye mkubwa, na kwetu mama hafikii kwa mdogo wakati mkubwa ana nyumba na kitanda cha kumlaza. Mdogo wangu anakaa Skärholmen, vituo vichache tu kwa treni, kwa hiyo niliona hakuna aliyeonewa. Sikujua kwamba kumlaza mgeni ni kitu kimoja na kumtoa matembezi ni kitu kingine, na kwamba anayesifiwa ni yule anayemtoa.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kiangazi ndipo Wasweden wote wanapochukua likizo, lakini uzee hauna likizo, kwa hiyo sisi tuliobaki tunapangiwa zamu mfululizo mpaka miguu inavimba. Mdogo wangu anakaa mapokezi kwa daktari wa meno. Daktari akienda zake kwenye nyumba yake ya kiangazi, kliniki inafungwa, na mdogo wangu anabaki na wiki nzima nzima za kufanya atakavyo, na mume mwenye gari.

Alimpeleka mama kuona askari wa mfalme wakibadilishana zamu. Akampeleka shambani kuchuma stroberi, wakarudi na ndoo. Akampeleka kuona meli ya kale iliyozama siku ileile ya safari yake ya kwanza, ambayo sasa imejengewa nyumba ya makumbusho, na mama akasema hajawahi kuona watu wanaoijengea nyumba meli iliyowaaibisha. Maneno hayo alimwambia yeye. Mimi niliyasoma kwenye kundi la familia nikiwa chumba cha mapumziko kazini, chini ya picha ya mama anacheka mbele ya mlango wa makumbusho, na wenzangu wakaniuliza kama nina habari mbaya kutoka nyumbani.

Picha ndizo zilizonimaliza. Mama na aiskrimu. Mama na farasi. Mama amekaa kwenye nyasi na miwani ya jua ya mdogo wangu. Kila picha ikitua, mashangazi na mama wadogo wanaijibu kwa maua na dua: Mashallah, huyu ndiye mtoto, Mungu amzidishie. Hakuna aliyeniombea mimi nizidishiwe chochote. Ni nani anapiga picha supu? Ni nani anapiga picha mtu akimkanda mama yake magoti kwa mafuta ya nazi baada ya kurudi kutoka kukanda magoti ya wageni kutwa nzima? Nilikuwa na wivu, na haukuwa wivu wa kupita. Ulikaa hapa, chini ya mbavu, nikiinama nausikia.

Halafu kulikuwa na viatu. Kabla mama hajafika nilimnunulia ndara nzuri za ngozi, laini, nilizunguka maduka mengi kuzipata. Mdogo wangu akaja akamnunulia viatu vyeupe vya kutembelea, vyenye soli nene kama mkate wa mofa. Ndara zangu zikabaki kwenye boksi, eti mama anazitunza azivae Tanga. Vile vyeupe alivivaa kila siku, na akirudi jioni anavivua mlangoni kwangu, anavipangusa, anavipanga ukutani, halafu ananiambia, "Usivisogeze viatu vya mdogo wako." Nyumbani kwangu, mlangoni kwangu.

Hamu ya ule mkahawa ilimwingia mama akiwa kwenye feri na mdogo wangu, bila shaka. Walipita mbele ya bustani ya michezo, mama akaona watu wamekaa juu kabisa kwenye baraza ya vioo wanakula taratibu, na juu ya vichwa vyao vile vigari vya reli vinapinduka na watu ndani wanapiga mayowe. Akauliza, "Wale wanakula huku wenzao wanalia?" Alicheka siku mbili. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba angependa akae pale mara moja tu, naye ale samaki kwa utulivu huku watu wanalia juu yake. Mdogo wangu akaahidi. Akaingia kwenye simu kubuku meza, akakuta hakuna. Akajaribu tena kesho yake na keshokutwa. Ndipo akaandika yale maneno yaliyonifurahisha.

Kazini nina rafiki, Mganda, mama mtu mzima aliyekaa nchi hii muda mrefu kuliko mimi, na mtoto wake wa kiume aliwahi kuosha vyombo kwenye mkahawa wa namna ile. Nilimweleza habari ya meza huku tunatandika vitanda.

"Wewe usihangaike na simu," akaniambia. "Simu itakudanganya. Enda mpaka kwa mlango, simama hapo. Kuna watu wanabuku halafu hawakuji. Msweden akichelewa robo saa, wanampa mtu mwingine kiti yake."

"Na wakija wote?"

"Hawawezi kuja wote. Jua likiwaka, mmoja atasahau. Lakini simama karibu na yule msichana wa mlango, akuone. Usiende kukaa kwa benchi."

Nilimshukuru kama mtu aliyenipa urithi. Nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko kabla mama hajaondoka, katikati ya wiki, na kliniki ya meno ilikuwa imeshafunguliwa tena. Mdogo wangu angekuwa kazini. Nikapanga. Ningempeleka mama mimi, peke yangu, mahali ambapo yeye alishindwa kumpeleka. Tungekaa uso kwa uso, meza moja, bila mtoto wa kuita, bila mume wa kusubiri na gari, bila saa ya kuingia zamu. Tangu afike nilikuwa sijala naye mlo mmoja nikiwa nimetulia. Nilikuwa nampakulia nasimama, nakula nimeegemea sinki, nachukua mkoba natoka. Mlo huo mmoja nilikuwa nautaka kwa roho yangu yote. Na picha je? Nayo niliitaka. Maneno ya kuweka chini yake nilikuwa nayo tayari.

Asubuhi nikamwambia mama avae, tunatoka. Sikumwambia wapi mpaka tulipokuwa mlangoni.

"Na mwenzako?" akauliza.

"Yuko kazini, mama."

Na kweli alikuwa kazini. Mama akanitazama kidogo, akainama kufunga kamba za viatu vyeupe. Kwenye mkoba akatia chapati alizozikaanga alfajiri, amezifunga kwenye karatasi ya foili. Nikamwambia kule tunakokwenda kuna chakula, akasema chapati hazina uzito.

Treni ilipofika Skärholmen ikasimama, milango ikafunguka, na mimi nikajikuta nashika pumzi. Mama akachungulia dirishani akasema, "Hapa ndipo kwa mdogo wako." Nikasema ndiyo. Nadhani dereva aliiacha ile milango wazi makusudi. Tulishuka Slussen tukapanda feri, na mama, ambaye sasa alikuwa mwenyeji wa feri kuliko mimi, akaenda moja kwa moja kukaa upande usio na upepo. Huko akatoa simu yake, akanigeuzia mgongo, akawa anaongea. Nilidhani anawasalimia wa Tanga. Nikamwacha aongee, nikaangalia zile reli za bustani zinavyokuja karibu, na kusema kweli nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu harusi yangu.

Mlangoni pa mkahawa, juu ya ngazi, palikuwa na msichana mwenye nywele zilizofungwa juu na kishikwambi mkononi. Nikamsalimia kwa Kisweden changu cha heshima, kile ninachoongea na wakubwa wa kazini. Akasema pamejaa. Nikasema najua, naomba nisubiri. Akasema ninaweza kusubiri lakini haahidi. Nikasimama pale aliponiambia Mganda wangu, karibu kabisa, ili kila akiinua macho anione mimi.

Watu walikuja, wakasema majina yao, wakapita. Wengine walikuja bila kubuku, wakajibiwa pamejaa, wakavuta midomo wakashuka. Mimi sikutikisika. Kama kuna kitu nilichojifunza kazini ni kumsubiri mtu anayekula taratibu. Mama naye hakukaa. Alisimama pembeni yangu na baibui lake na viatu vyake vyeupe, na kila aliyepanda ngazi alimsalimia, "Hej!" Ndiyo salamu aliyokuwa nayo. Watu walicheka wakamjibu, na msichana wa mlangoni naye akawa anatabasamu kila mama akifungua mdomo. Nilijua huyo hatatuacha tuondoke na njaa.

Ikafika wakati akatazama kishikwambi, akatazama ngazi, akatazama kishikwambi tena. Akaniita kwa kidole. Kuna watu waliobuku meza ya dirishani, hawakutokea. Meza ndogo. Je, mko wawili?

"Wawili," nikasema. Nilisema haraka kiasi kwamba nilimkatia sentensi yake.

"Två," mama akarudia nyuma yangu. Kuhesabu alikuwa amefundishwa na wajukuu zake, watoto wangu, ambao kila akiwasemesha Kiswahili wanamjibu Kisweden. "Två ni wawili. Mbona wawili? Sisi tuko watatu."

Nikageuka. Na kabla sijauliza wa tatu ni nani, nikasikia viatu vinapanda ngazi mbiombio na sauti inayoniita tangu ilipojifunza kuita.

"Dada! Dada, umepataje?"

Alikuwa amevaa gauni la njano, na usoni amejipodoa. Mtu aliyetoka kazini kwa dharura hawi na uso ule; huyu alikuwa amepata muda wa kupitia kwake. Alimbusu mama mkono, akanikumbatia, na alikuwa ananukia marashi mazuri, na mimi nikasimama mikono imening'inia.

"Nimemwambia mimi," mama akasema. "Nimempigia kule kwenye boti. Nimezaa watoto wawili, wako mji mmoja, kisha niende nikale na mmoja?"

Nikamgeukia msichana nikamwambia tumeongezeka. Akaniambia meza ni ya watu wawili na iko kwenye njia ya kupita, kiti cha tatu hakiruhusiwi kwa sababu ya usalama wa moto. Mdogo wangu akaingilia kati. Yeye alikuja nchi hii akiwa msichana wa shule, kwa hiyo Kisweden chake hakina mgongano, kinateleza, akacheka na yule msichana, akagusa bega lake, akataja kwamba mama anakaribia kurudi kwao, akataja Afrika. Nilikuwa naomba ashindwe. Nilikuwa naomba pia afanikiwe ili mama akae. Msichana akasikitika kweli, lakini kiti hakikupatikana, na nyuma yetu watu walikuwa wamepanga foleni wanatutazama.

Hapo nilijiandaa kumwambia mdogo wangu maneno yaliyonyooka: meza nimeitafuta mimi, nimesimama mimi, wewe shuka ukanunue soseji chini. Nilishafungua mdomo. Mama akawahi.

"Ingieni nyie. Mimi nimeshiba."

Alikuwa amekunywa chai ya rangi na kipande cha mkate. Kushiba kule sisi wawili tunakujua tangu utotoni. Ni kushiba kwa mama wa nyumba yenye samaki mmoja. Alikuwa anagawa, anasukuma sahani zetu mbele, anasema yeye ameshaonja jikoni, na sisi tunakula, na tulikuwa wakubwa kabisa tulipoanza kujiuliza jikoni alikuwa anaonja nini.

"Mama, haiwezekani," nikasema. "Meza ni yako. Mimi ndio nitakaa nje."

"Nitakaa nje mimi," akasema mdogo wangu.

"Nimesema ingieni." Sauti haikupanda hata kidogo, na sisi tunajua asipoipandisha ndipo pa kuogopa. "Watu wanasubiri. Msiniaibishe kwa watu. Mimi nataka kukaa kwenye benchi lile pale, nipate upepo."

Akashuka ngazi ameshika ukingo. Sisi tukaongozwa ndani, tukapita kati ya watu wanaokula, mpaka kwenye meza niliyoisimamia miguu ikaniuma. Dirisha kubwa, maji chini, feri zinapishana, kitambaa cheupe, glasi zinang'aa. Mbele yangu akakaa mdogo wangu. Vigari vikapita juu ya dari na watu wakapiga mayowe, na nilitamani niwe mmoja wao.

Tukaagiza samaki. Alinyoosha kitambaa cha mikono mapajani, nikanyoosha changu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Alltså, yaani dada, ulitaka kuja naye peke yako."

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

"Wewe uliniambia kila mlipokwenda?"

"Nilikutumia picha!"

"Nashukuru kwa picha," nikasema.

Akainamisha kichwa. Akacheza na uma. Nilidhani atalia, maana yeye machozi yako karibu, na nikajiandaa kutomhurumia. Lakini alipoinua uso ulikuwa umekasirika.

"Unajua mimi mama hajalala kwangu hata usiku mmoja? Nimemwandalia chumba. Nimenunua pazia. Kila siku ikifika saa ya kula cha jioni ananiambia, nirudishe kwa dada yako. Hata tukiwa kwenye aiskrimu anatazama saa. Farasi yuko mbele yake, na mama ananisimulia supu yako. Eti dada yako anatia ndimu mwishoni, eti dada yako ana mkono mzuri wa kukanda. Mimi nikimkanda anasema, basi mwanangu, inatosha." Akasukuma glasi. "Mtu mzima mimi, nina wivu wa supu."

Nilipaswa kumhurumia hapo. Nilichokisikia kwanza ni raha, imenipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Eti mkono mzuri wa kukanda! Kwa nini hakuniambia mimi? Kwangu mama alikuwa anasifu stroberi. Nikamuuliza mdogo wangu alisemaje hasa, maneno yenyewe. Akaniambia. Nikamuuliza na mengine. Akakataa kuniambia mengine, akasema nimwambie mimi kwanza mama anasema nini juu yake. Nikamwambia habari ya viatu, jinsi vinavyopanguswa, jinsi nisivyoruhusiwa kuvisogeza. Macho yakamng'aa kama mtoto aliyepewa pipi, na papo hapo nikajuta kumpa.

Samaki akaja. Alikuwa mzuri, mweupe, na siagi na bizari ya majani wanayoipenda Wasweden. Mdogo wangu akainua simu kumpiga picha, kisha akaishusha. Picha ya samaki bila mama angeitumia wapi? Tukala. Nilimkata samaki wangu vipande vidogo vidogo nikawaza jinsi ya kumtorosha mpaka nje kwa mama, nikamuuliza mhudumu kama tunaweza kubeba sahani, akasema sahani hazitoki.

"Yule ni nani?" akasema mdogo wangu.

Alikuwa anatazama chini dirishani. Nikatazama. Benchi la mama lilikuwa chini yetu kabisa, kando ya maua, na juu yake mama hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa bibi wa Kisweden, mwenye umri wake au zaidi, kofia ya kitambaa kichwani, na mbele yake kile kigari cha kujishikia ambacho wazee wa kazini kwangu wanakisukuma. Foili ilikuwa imefunguliwa katikati yao. Bibi yule alikuwa anakula chapati.

"Sijui," nikasema.

"Anakula chapati za mama."

"Naona."

Alikuwa anazikunja vizuri, anachovya kwenye kitu, nadhani jamu, kumbe na yeye alikuwa na kikopo chake kwenye kikapu cha kigari. Mama naye akachovya. Akaonja, akakunja uso, akasema kitu, na bibi yule akacheka mpaka kofia ikasogea. Halafu mama akafanya kile anachokifanya na wanawake wa kwetu, barazani, mambo yakinoga: akainua mkono wazi, na kumngojea mwenzake aupige. Bibi hakuelewa. Mama akamshika kiganja, akakigonga kwenye chake, wakacheka. Mara ya pili bibi aliinua mwenyewe.

Sisi tulikuwa tumeacha kula. Mama alikuwa anacheka hasa, na mwili mzima, kichwa nyuma, mtandio umemshuka mabegani na hana habari nao. Nilimtafuta yule mama kwenye picha zote za kiangazi kile. Kwenye picha alikuwa anatabasamu vizuri, kama anavyotabasamu mtu aliyeambiwa atabasamu. Jikoni kwangu alikuwa anacheka kidogo kisha ananiuliza kama sitachelewa kazini.

"Hajacheka hivyo nikiwa naye," mdogo wangu akasema.

"Hata mimi."

Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana kwa miezi miwili. Na wivu wangu, ambao nilidhani una jina na anwani Skärholmen, ukahama wote ukamshukia mwanamke mzee ambaye sikumjua. Nilitaka kumjua ni nani, anaishi wapi, nani kamruhusu. Nilimwona mdogo wangu naye kakaza taya. Tulikula haraka, kwa hasira, tukiwa tumeinamia dirisha sote wawili, na mhudumu alipotuuliza kama tungependa kitu kitamu cha kumalizia, tulisema hapana kwa pamoja.

Chini, mama alituona tunakuja akatukaribisha kwa mkono kama watu wa kupita njia. Benchi lilikuwa la watu wawili. Tukasimama, mimi upande huu, mdogo wangu upande ule. Bibi akatuambia "hej, hej", midomo ina makombo ya chapati. Nikamwitikia, kwa sababu nimelelewa.

"Mama, ni nani huyu?" nikauliza.

"Simjui. Kaja kakaa."

"Mnaongea lugha gani?" akauliza mdogo wangu.

"Lugha gani tena? Hatuongei." Mama akachovya kipande kingine kwenye jamu, akakitafuna taratibu, macho yake kwenye vigari vinavyopanda. "Tangu nifike nchi hii, huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye hajaniuliza kama nimefurahi."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mdogo wangu akanitazama, nikamtazama, na hakuna aliyeweza kumsingizia mwenzake. Vigari vikafika juu kabisa, vikasimama, vikaanguka, watu wakalia, na wale wazee wawili wakainua viganja kwa wakati mmoja, wakagonga.

"Nendeni mkatuletee kahawa," mama akasema. "Vikombe viwili. Mwenzangu huyu msimtilie sukari, nimemwona hatii."

Tukaenda. Foleni ya kahawa ilikuwa ndefu, tukasimama bega kwa bega. Tulipofikiwa, muuzaji akaweka vikombe viwili juu ya meza, na sisi tukanyoosha mikono pamoja kwenye kile chenye sukari, cha mama. Nilikishika. Alikishika. Kahawa ikatumwagikia vidole vyote, ya moto kwelikweli, na hakuna aliyekiachia.